Bwana Katikati na Spika za Watu

Mume wangu akiingia nyumba ya mtu kufunga muziki, haulizi kwanza umeme uko wapi. Anauliza hapa anakaa nani. Anataka kuonyeshwa kiti cha mwenye nyumba, kile ambacho mgeni akikikalia watoto wanatazamana. Akishaonyeshwa, kazi yote inakizunguka hicho kiti. Spika mbili mbele, moja ya kati chini ya televisheni, mbili nyuma, na sabufa, lile boksi la besi, atalitafutia kona huku akigongagonga ukuta na kutikisa kichwa. Mwenye nyumba anaweza kulalamika kwamba spika ya nyuma imeziba picha ya harusi. Mume wangu atamsikiliza kwa adabu zote, atamkubalia kila neno, halafu spika ataifunga palepale alipotaka yeye. Picha ya harusi ndiyo itakayohama.

Sauti ikae katikati, ndilo neno lake. Ukikaa kwenye kiti chako na mtu wa kwenye televisheni akafungua mdomo, sauti imtoke mdomoni, isitoke kabatini wala dirishani. Amewaambia wateja neno hilo mpaka jina lake la kuzaliwa limesahaulika, wanamwita Bwana Katikati. Hata mimi nikikasirika namwita hivyohivyo, na kukasirika kwangu si kwa kutafutwa.

Mimi ni mkewe, tena ndimi msaidizi wake. Wasaidizi wengine walimshinda, au yeye aliwashinda, maana hakuna aliyevumilia kuambiwa afungue upya waya aliyokwisha kuikaza kwa sababu uzi mmoja wa shaba umechungulia nje. Mimi nilishazoea kuambiwa chumvi imezidi, kwa hiyo niliweza. Binti yetu alipoanza shule nikaanza kushika ngazi, kisha kumenya waya, kisha kuzichomeka nyuma ya risiva. Risiva ndiyo kichwa cha mambo yote, sanduku jeusi, zito, lenye matundu mekundu na meusi mgongoni. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukizipishanisha kwenye spika moja, hiyo itavuta wakati mwenzake inasukuma, na besi inapotea usijue imekwenda wapi. Hayo hata ukiniamsha usingizini nitakwambia.

Lakini kupima sauti ilikuwa kazi yake peke yake. Risiva za siku hizi zinakuja na kimaiki kidogo, unakiweka kwenye kiti, mashine inapiga milio na kujipima yenyewe. Mume wangu hataki hata kukigusa. Anasema kimaiki hakijawahi kurudi kazini kimechoka kikajitupa kwenye kochi, kwa hiyo kitajua nini. Anakirudisha ndani ya boksi pamoja na makaratasi yake, anakaa mwenyewe kwenye kiti, anafumba macho. Mimi nasimama mbele na rimoti. Risiva inatoa mlio wa shhh, kama bomba lililoachwa wazi, na mlio unahama spika hadi spika. Hapo hakuna kuongea, sauti yangu ingemvuruga, kwa hiyo tulijiwekea ishara. Kidole juu, ongeza. Kiganja chini, punguza. Ngumi, acha hapohapo. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu kukaa kimya muda wote huo, nadhani nimeandikiwa thawabu.

Na alikuwa anajua, nisimseme vibaya. Nimeona wateja wakikaa kwenye viti vyao kwa mara ya kwanza, wakasikia mvua ya kwenye filamu ikianzia mbele na kupita juu ya vichwa vyao, wakageuka kutazama nyuma. Yeye anakunja kisu chake cha waya, anakitia mfukoni, anatafuta pa kunawa mikono.

Sikio lilianza lini, sijui. Dalili zilikuja mojamoja, na mimi kwa ujinga wangu kila moja nikaipa jina jingine. Alianza kunihamisha upande tukitembea, lazima niwe kushoto kwake. Akasema mwanamke asitembee upande wa magari. Jamani, nilifurahi! Nikaenda kumsimulia wifi yangu, dada yake, kwamba kaka yako uzeeni ndiyo anajifunza mapenzi. Simu aliyokuwa akiisikilizia sikio la kulia akaihamishia kushoto. Majirani wakaanza kusema siku hizi anajidai, unampa salamu anakupita kama nguzo. Kitandani akilalia ubavu wa kushoto, hata mbwa wa jirani wangebweka mpaka wachoke, yeye hageuki. Nikasema ni uchovu wa ngazi.

Kazini ndiko nilikoshtuka. Mlio ukifika spika za kulia, kidole juu. Naongeza. Kidole bado juu. Naongeza tena. Masikio yangu yananiambia hii imeshawapita wenzake, lakini mimi ni nani? Yeye ndiye Bwana Katikati. Akifumba ngumi, naacha. Nyumba ya kwanza nilidhani chumba chenyewe kina hila, mapazia mazito upande mmoja. Nyumba ya pili ikawa yaleyale, na hiyo haikuwa na mapazia kabisa.

Aliyelalamika alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mpole mwenye sebule ndogo safi na kochi moja. Alipiga simu akasema, kwa heshima sana, kwamba muziki wake unavuta kulia, kama gari ambalo magurudumu hayajanyooshwa. Tukarudi kwake. Mume wangu akakaa kwenye kochi, akafumba macho, akasikiliza wee, akasimama na kusema sauti iko katikati kama alivyoiacha. Mwalimu akasema yeye anaisikia pembeni. Basi mume wangu akamwekea mkono begani, kwa huruma ya kweli kabisa.

"Mwalimu, usinielewe vibaya," akamwambia. "Ni sikio lako la kushoto linaanza kuchoka. Nenda ukapimwe mapema, haya mambo hayataki mchezo."

Na yule mtu akaenda kweli. Akapimwa, akaambiwa masikio yake yote mawili ni mazima. Hakumpigia mume wangu. Alinipigia mimi, hakugomba wala hakucheka, akasema tu kwamba yeye yuko salama, sasa tufikirie na sisi. Nikaweka simu chini nikakaa kwenye kigoda jikoni mpaka sufuria ikaungua. Mambo ya barabarani, ya simu, ya salamu, ya kitandani, yote yakanijia kwa pamoja, na safari hii nikayaita kwa jina lake. Mume wangu alikuwa uani anaosha ngazi, anapiga mluzi.

Ningemwambiaje? Wifi yangu nilipomweleza alisema nimwambie leo leo, mficha maradhi kifo humuumbua. Kusema ni rahisi kwa asiyelala naye chumba kimoja. Fundi mwashi akivunjika mguu, watu wanauona, wanamngoja apone. Huyu kazi yake ni kukaa kwenye kiti cha mtu na kufumba macho. Hana nyingine, hakuwahi kutaka nyingine. Ukimnyang'anya hiyo unamwachia ngazi na kisu cha waya. Nikajaribu kuzunguka mbuyu. Nikasema, baba, hivi vimaiki watu wanavisifu, kwa nini tusikijaribu kimoja, tupumzishe masikio. Akanitazama kana kwamba nimemshauri aajiri mtu wa kumtafunia chakula. Siku mbili aliongea na mimi kwa kukohoa tu.

Basi nikapiga moyo konde nikafanya nilichokiweza. Tukimaliza kazi, yeye hutangulia kwenda kufunga ngazi juu ya gari. Ni kazi ya dakika chache, maana kamba zake nazo lazima zikazwe kwa namna yake. Hapo mimi najitupa kwenye kiti cha mwenye nyumba, nawasha ule mlio, nazishusha spika za kulia mpaka sauti irudi katikati. Jasho linanitoka, mwizi wa kuku ana nafuu. Akirudi kuaga, mimi nakunja nyaya zilizobaki. Mteja anakaa, anatabasamu, anamsifu. Naye anapokea sifa huku mimi roho inaniuma, maana sikujua namlinda au namzika.

Tukaenda hivyo nyumba kadhaa, mpaka kwa mshonaji wa magauni ya maharusi. Sebule yake kubwa, na pembeni kulikuwa na sanamu la kushonea limevikwa gauni lenye shanga, limesimama hasa mahali ambapo spika ya nyuma kulia ilitakiwa kukaa. Mshonaji akaapa sanamu halihami, gauni ni la mtu na linachukuliwa kesho. Mume wangu akasema sawa mama, hakuna shida. Baada ya muda mshonaji mwenyewe alikuwa akilibeba sanamu lake kulipeleka chumbani, anacheka, hajui limehamaje. Nilimpenda sana mume wangu siku ile, niseme ukweli.

Akapima. Kulia, kidole juu, juu, juu. Akafumba ngumi, akabeba ngazi, akatoka. Mshonaji akaenda jikoni kutuletea chai. Nikakaa kitini, nikabonyeza. Namba za kila spika zinaonekana kwenye kioo cha televisheni, kubwa, mtu yeyote anazisoma. Nikawa nazishusha za kulia, moja baada ya nyingine, na ule mlio ukajaa chumba hata sikusikia mlango. Nilimsikia mshonaji nyuma yangu na sinia lake, anauliza, fundi umesahau nini.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakunitazama mimi, alikuwa anatazama kioo. Sikio linaweza kumdanganya mtu, lakini namba alizisoma. Akaja taratibu, akachukua kisu chake cha waya alichokisahau kwenye mkono wa kiti, akakikunja. Akamshukuru mshonaji kwa chai ambayo hakuinywa.

Ndani ya gari hakuwasha redio. Tukapita mitaa miwili mitatu, akaegesha mbele ya wazibaji wa matairi, akazima injini. Nilikuwa kushoto kwake, upande wa sikio zima, hapo gari lenyewe lilikuwa limempangia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwalimu wa udereva."

"Nyumba zote?"

"Zote."

Akahesabu kimoyomoyo, nikaona midomo inacheza. Halafu akauliza kuhusu zile za kabla ya hapo, na za kabla ya hapo zilikuwa zimebaki vilevile, watu wamekaa kwenye makochi yao sauti inawavuta upande mmoja, wanadhani ndivyo inavyotakiwa kwa kuwa Bwana Katikati ndiye aliyefunga. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba nilikuwa nimeshika rimoti, nikajua anakosea, nikabonyeza. Hilo lilinichoma. Miaka yote nafuata kidole chake, leo kosa langu ni kukifuata na kosa langu ni kutokukifuata! Hasira ikanipanda na neno likanitoka kabla sijalionja.

"Ningekwambia, ungesikia?"

Ningeweza kulirudisha mdomoni ningelirudisha kwa mikono yote miwili. Yeye akacheka kidogo, kwa pua. Kisha nikaona ameshika usukani kwa nguvu ilhali gari limesimama. Hata juu ya ngazi hajawahi kushika kitu hivyo. Tukakaa pale mpaka mzibaji mmoja akaja kuuliza kama tuna pancha.

Hospitali tulikwenda wiki ileile, bila ubishi, na huko kutobisha ndiko kulikoniogopesha. Mpimaji alikuwa binti mwenye koti jeupe, mchangamfu, alimsalimu mume wangu akiwa upande wa kulia na hakujibiwa. Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kuta zimevishwa sponji, kina dirisha la kioo. Mume wangu alipoingia akagusa zile kuta, akasema chumba kama hiki ndicho angetaka awe nacho, ungesikia hata spika inavyofikiria. Binti akacheka. Akamvisha visikizi masikioni, akamwambia kila akisikia mlio, hata mdogo vipi, ainue kidole. Mimi nikakaa upande huu wa kioo, karibu na binti na mashine yake.

Alianza na sikio la kushoto. Kidole kikawa kinainuka na kushuka, kinainuka na kushuka. Milio ile myembamba kilichelewa kidogo, mingine hakikuinuka. Binti akawa anaandika. Nikajipa moyo. Kisha akahamia kulia.

Kidole kilikaa chini muda mrefu. Mume wangu akafumba macho, kama afanyavyo kwenye viti vya watu. Kisha taratibu kikainuka, na kikabaki juu. Binti akaona kidole, akainamia mashine yake, akaupunguza mlio. Kidole bado juu. Akapunguza tena, akaandika, anaonekana ameridhika. Akapunguza tena.

Mimi nilikuwa najua. Katika jengo lile lote ni mimi peke yangu niliyekuwa najua. Mume wangu ameshasahau yuko hospitali. Amekaa kitini, amefumba macho, amengoja mlio ufike upande wa kulia, haujafika, kwa hiyo anafanya alichokifanya maisha yake yote. Anaomba aongezewe. Na yule binti kila akiombwa anapunguza.

Ningenyamaza. Nimelifikiria hilo mara nyingi, nikipika, nikifua. Ningenyamaza, angetoka mle na karatasi inayosema sikio zima, kama mwalimu wa udereva, tungerudi nyumbani anapiga mluzi. Lakini nilimwona shingo imenyooka, anasikiliza kwa nguvu zake zote, na kidole kile hakuna anayekielewa. Nikagonga meza.

"Mwanangu, huyo hasemi amesikia," nikamwambia. "Anakuomba uongeze."

Hakunielewa. Nikamweleza habari za spika na ishara zetu, nikachanganya mambo, mimi niliyezaliwa na maneno nikayakosa. Hatimaye akaingia ndani, akamgusa bega, akamwelekeza upya. Mume wangu akafumbua macho akanitazama kupitia kioo, na nikajua ameelewa alichokuwa akikifanya. Akakiweka kidole juu ya goti lake. Binti akarudi, akaanza tena, safari hii akawa anaongeza. Akaongeza mpaka mimi nikausikia ule mlio ukivuja kutoka kwenye visikizi, upande huu wa kioo. Kidole kikabaki kimelala juu ya goti.

Daktari alisema ni mshipa wa fahamu. Wa kulia umekufa karibu wote, wa kushoto nao umeanza kuufuata. Dawa ya kuurudisha hakuna. Kifaa cha kuvaa sikioni kitamsaidia maongezi kwa muda, ila asitarajie kusikia muziki kama zamani. Muda gani, hakuweza kusema. Mume wangu akauliza swali moja tu, kama katikati ataipata tena. Daktari akanigeukia mimi nimtafsirie. Nilijua maana yake, na haikunisaidia kitu.

Wateja wakipiga simu napokea mimi. Nasema amestaafu. Mmoja akasema hongera, kumbe kazi imewalipa. Nikamshukuru. Mwalimu wa udereva alipita nyumbani na mkungu wa ndizi, wakaketi uani, mume wangu akimweka upande wa kushoto. Alimwomba radhi kwa ile habari ya sikio. Mwalimu akasema yamekwisha, akasema na muziki siku hizi anausikiliza hivyohivyo, amezoea kuvutwa kulia. Alidhani ameleta faraja, maskini.

Kinyozi hajinyoi. Nyumba yetu miaka yote ilikuwa na redio ya zamani yenye kifundo cha uzi kwenye antena, na spika zilizochakaa za wateja, pamoja na risiva moja, zimejaa chini ya kitanda. Jumapili mchana mmoja nilimkuta amezitoa zote, anazifuta vumbi kwa fulana yake. Akaniambia nishike ngazi. Nikaishika. Tukafunga mbili mbele, moja ya kati, mbili nyuma, na sabufa ikakaa pale penye kapu la nguo chafu. Nilimenya waya, na uzi mmoja wa shaba ulipochungulia nje aliniambia nirudie. Nikarudia kwa furaha, Mungu anajua, nisingetaka anisamehe uzi ule kwa dhahabu.

Kisha akasimama katikati ya chumba chetu, akapangusa mikono, akauliza, "Hapa anakaa nani?"

Nikamwambia, "Unakaa wewe."

Kuna rekodi kwenye flashi, ya binti yetu akisoma shairi darasa la kwanza, meno ya mbele hana, anaposema maneno yenye herufi s upepo unapita. Alinipa niishike. Akasema nipime kwa sikio lake, si kwa langu, nisijali masikio ya mtu mwingine yeyote, kisha niweke ile rekodi. Anataka mtoto aongee naye kutoka katikati mara moja, kabla upande wa pili haujaondoka nao. Nikasema sawa. Akakaa, akafumba macho.

Nikawasha mlio. Mbele kushoto, kidole kikapanda zaidi kidogo kuliko zamani, kisha ngumi. Ya kati, ngumi. Ukahamia kulia.

Kidole juu. Nikaongeza. Kidole juu. Nikaongeza, sasa bila wizi, bila kuangalia mlango. Vikombe vikaanza kutetemeka kabatini. Jirani akagonga ukuta, kisha akapiga kelele jina langu, nikamwacha apige. Masikio yalikuwa yananiuma mpaka kwenye meno. Namba ikafika mwisho. Nikabonyeza, haikusogea. Nikabonyeza tena kwa nguvu, kama vile nguvu ya kidole changu ingeifanya mashine iwe na huruma.

Rekodi ya mtoto ilikuwa mkono wangu wa pili. Mume wangu amekaa wima kwenye kiti chake, macho kayafumba, uso umetulia, ananingoja. Nikabonyeza tena. Kidole kilikuwa bado juu.